Nyumba Nyuma ya Jipi

Mama mukwe wangu alikubali kuhama Kalembe kwa sharti moja tu: aje na nyumba yake. Hakusema masufuria, wala kitanda, wala mbuzi. Alisema nyumba.

Msomaji wa mbali asishangae. Huku kwetu nyumba nyingi ni za mbao, na nyumba ya mbao inahamishika. Unatoa manjanja ya paa, yaani mabati, unang'oa mbao za kuta moja moja, unaziandika alama kwa makaa ili ujue ipi ilikaa wapi, na mwisho unang'oa nguzo na ile miti minene inayolala chini, ambayo nyumba yote imeikalia. Kule unakokwenda unaanza tena kutoka chini. Miaka hii ya vita watu wamehama, wakarudi, wakahama tena, na nimeona nyumba zikipita barabarani juu ya vichwa, juu ya malori, na juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zinazosukumwa kwa mguu. Hakuna anayegeuka kuangalia. Ila nyumba kuvutwa na jipi ya mtu binafsi, na dereva mwenyewe ni mwanamke, hilo lilikuwa jipya kidogo.

Tulikuwa tumeshajaribu bila nyumba. Tulimleta kwetu Bihambwe, tukampa chumba kizuri cha mbele na godoro jipya. Mama wa watu akawa anakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri gari. Akitaka maji, ananiomba ruhusa. Ruhusa, mimi! Nikamwambia, "Mama, hii ni nyumba ya mutoto wako." Akanijibu, "Njo vile, ni nyumba ya mutoto wangu," na kesho yake akaomba ruhusa tena. Alikonda mbele ya macho yetu. Mwishowe akarudi Kalembe peke yake, kwenye kijiji ambako nyumba za jirani zake nyingi zilikuwa zimeshang'olewa, na goti lake moja lilikuwa limekataa kukunjika. Bwana yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyesema sana, akaacha kulala. Simu ikilia anashtuka kabla ya kuangalia ni nani.

Kwa hiyo siku Mama alipopiga simu na kusema, "Mukuye munibebe, mimi na nyumba," bwana yangu alinitazama mimi, kwa sababu jipi ni yangu. Mama akaongeza, kwa sauti ileile ya kuuliza habari za watoto: "Lakini munisikie muzuri. Nyumba ikivunjika mu njia, mimi narudia Kalembe. Na musinifwate tena."

Hakuwa anatisha. Mama yule hajui kutisha, anajua kusema na kutenda. Tulielewa sote wawili kwamba nyumba ikifika salama tuna Mama, isipofika hatuna.

Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo. Nina duka Bihambwe, nauza misumari, chumvi, sabuni, vitenge, na bidhaa zangu nazifuata mwenyewe kwa jipi, kwa sababu nilichoka kuibiwa sukari na watu wanaoniita dada. Nina mdomo mkali, sikatai. Baba yangu alikuwa na lori lililovuta remorki, yaani lile behewa la magurudumu lisilo na injini, na mimi nilikulia kwenye kiti cha katikati, kati yake na tanboi, msaidizi wake wa lori. Baba alikuwa ananifundisha mambo ya uzito wakati wenzangu wanafundishwa kusuka nywele. Uzito mkubwa ukae juu ya ekseli na kidogo mbele yake, alikuwa anasema, remorki iegemee gari, gari iisikie. Ukiweka uzito nyuma, remorki inataka kuinua gari matako, na kwenye mteremko itaanza kutikisika kushoto na kulia mpaka ikutupe.

Remorki tuliazima kwa Papa mmoja, mzee wa kijiji cha Kingi, ambaye huitumia kubebea viazi vyake. Ilikuwa imechomelewa kutokana na mgongo wa pikapu ya zamani: magurudumu mawili, sanduku la vyuma, na haikuwa na freni zake yenyewe. Maana yake freni za jipi zinasimamisha vitu viwili. Niliikagua kama ninavyokagua noti. Nilipiga teke magurudumu, nikajaza upepo. Nikatikisa kile kichwa chake kinachokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya jipi, nikaona kinafunga vizuri. Mnyororo wa kuishika endapo kichwa kitachomoka ulikuwa na kutu, nikanunua mwingine. Papa wa Kingi akacheka, akasema viazi vyake havijawahi kulalamika. Nikamwambia viazi havina mama mukwe.

Bwana yangu alibaki Bihambwe kusawazisha kiwanja nyuma ya nyumba yetu, nami nikapanda Kalembe.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imeshalala chini, imepangwa mafungu mafungu. Aliyeing'oa ni shemeki wangu, mdogo wa bwana yangu, mjenzi wa familia, kijana mwenye mikono mizuri na masikio magumu. Mama alikuwa ameketi juu ya kinu chake katikati ya kiwanja kitupu, amevaa kitenge cha kwenda kanisani, anakatakata sombe, majani ya muhogo, kana kwamba jiko bado lipo. Alinisalimia, akaniuliza kama nimekula. Sikuthubutu kuangalia sana pale nyumba ilipokuwa, pale chini ambapo udongo ulikuwa na rangi tofauti.

Ugomvi ulianza kwenye kupakia.

Shemeki alipakia kama mjenzi. Kule Bihambwe cha kwanza kushushwa kitakuwa ile miti minene ya chini na nguzo, kwa hiyo alitaka viwe vya mwisho kupakiwa, nyuma kabisa, mkiani mwa remorki, ili avivute tu vitoke. Manjanja, madirisha na mbao nyepesi za kuta akazisukuma mbele. Kwa mjenzi ni akili safi. Kwa dereva ni kaburi.

Nikamwambia, "Shemeki, huu muzigo iko na matako mazito. Ile miti ikuye hapa, juu ya ekseli."

"Shemeki, nikiweka miti chini ya mbao, kule nitashusha nyumba yote kwanza chini ndiyo niipate. Mbao zitachanganyika. Alama zitafutika. Weye unajua gari, mimi najua nyumba."

"Kwa leo nyumba iko gari."

Tulipandishiana sauti mpaka majirani wachache waliobaki wakasogea kusikiliza. Ndipo Mama akanyanyua kichwa kutoka kwenye sombe. "Mukamwana," akasema, "acha apakie vile anajua. Nyumba hii alimusaidia baba yake kuijenga."

Basi. Mukamwana habishani na mama mukwe wake mbele ya watu, hata huyu mukamwana mwenye mdomo kama wangu. Nikaenda kusimama upande wa pili wa jipi, nikatema mate chini, nikarudi nikafunga mzigo kwa kamba za mpira wa magurudumu mpaka vidole vikauma. Walipomaliza, jipi yangu ilikuwa imeinuka nyuma kama kuku anayekunywa maji. Niliona. Nikajiambia nitakwenda polepole, polepole kabisa, na nikaomba Salamu Maria moja kabla ya kuwasha.

Mama akakaa mbele, pembeni yangu, kinu kati ya miguu yake. Shemeki akakaa nyuma na mbuzi na masufuria. Tulipoondoka Mama hakugeuka. Mikono yake tu ndiyo iliyoshika kinu kwa nguvu.

Mwanzoni barabara ilikuwa tambarare na ya mashimo, na mwendo wa miguu, na remorki ikafuata kwa adabu. Nikaanza kufikiri labda nimemwonea shemeki bure. Kisha tukapanda, tukapita juu penye malisho ya ng'ombe, halafu ile njia ikageuka na kushuka. Si mteremko wa kutisha. Nimeushuka mara nyingi nikiwa na magunia ya chumvi na redio inaimba.

Nilisikia kwenye mikono kwanza. Usukani ukawa mwepesi, mwepesi vibaya, kama unaendesha gari lililowekwa juu ya sabuni. Kisha kiti changu kikavutwa kushoto, kikarudishwa kulia. Kwenye kioo nikaona nyumba ya Mama inapita upande mmoja wa barabara, kisha upande mwingine. Kila mara inakwenda mbali zaidi. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta wa udongo, upande wa kushoto hakukuwa na kitu, ni majani tu na bonde.

Mguu ulitaka kukanyaga freni. Kila kitu mwilini kilitaka freni. Nikauzuia. Ukikanyaga freni kwa nguvu pale, jipi inasimama na remorki haisimami, inakuzunguka. Nikaachia tu mafuta, nikashika usukani umenyooka kabisa, sikujaribu kumfuata yule mnyama huko nyuma, nikaacha injini ishikilie yenyewe kwa gia ya chini. Nilikuwa nasema kitu kwa sauti, sijui nini. Shemeki anadai nilikuwa natukana kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo. Mtikisiko ukaenda, ukarudi, ukapungua, ukapungua tena. Nikaanza kugusa freni kidogo kidogo, kama unavyogusa pasi kujua kama ina moto. Tukasimama penye tambarare ndogo kabla ya kona.

Nikashuka. Nikaweka mawe mbele ya magurudumu yote, ya jipi na ya remorki, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Halafu nikamgeukia shemeki, na yale yote niliyoyameza Kalembe yakatoka. Sitaandika niliyoyasema. Yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa mengi.

Yeye maskini alikuwa amemkumbatia mbuzi na rangi imemtoka usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Tupange upya, shemeki."

"Njo vile. Tunashusha yote hapa hapa, ile miti inaingia katikati."

"Hapana," akasema Mama.

Alikuwa amefungua mlango wa jipi, mguu wake mbovu umenyooka nje. Hakupandisha sauti. Alisema kwamba kwao, upande wa Walikale alikozaliwa, nyumba ikishang'olewa haikanyagi udongo mpaka udongo wake mpya. Ukiishusha njiani, imejua kwamba imefika. Utaijenga kwingine, ndiyo, lakini wewe utakayekaa humo utakuwa mgeni siku zote, maana nyumba yenyewe imebaki kule barabarani. Mama yake alimwambia hivyo, na aliona kwa macho yake nyumba ya mjomba wake iliyoshushwa mara moja kwenye kivuko cha mto, na yule mjomba hakupata amani tena.

Mimi ni Mkatoliki wa Butembo, nauza misumari. Ningeweza kumjibu. Nilikuwa na majibu mdomoni tayari. Lakini nikamtazama yule mama ameketi pale, uso umetulia na kidevu kinatetemeka kidogo tu, nikakumbuka alivyokuwa akiniomba ruhusa ya kunywa maji. Nikiishusha hii nyumba chini, hata ikifika nzima, kwake itakuwa imevunjika. Na nisipoishusha, hatuvuki kona ile. Nilikasirika mpaka nikahisi machozi, na sikujua namkasirikia nani.

Nikavuta pumzi. Nikamuuliza, "Mama, nielewe muzuri. Inakatazwa kukanyaga udongo. Na mabega ya watu?"

Akafikiri. Alifikiri kwa kweli, si kunipa jibu la haraka. "Nyumba zote zinapita mu mabega ya watu," akasema. "Mabega si udongo."

Ilikuwa siku ya soko, namshukuru Mungu. Akina mama walikuwa wanarudi na vikapu vitupu, na vijana wa chukudu walikuwa wanapanda mlima wakisukuma vyombo vyao. Nikasimama katikati ya barabara, nikawasimamisha wote kama askari wa barabarani asiye na filimbi. Nikawaeleza. Nilitegemea wacheke, na wakacheka, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini. Mama mmoja mnene aliweka kikapu chake pembeni, akakaza kitenge kiunoni, akasema, "Muniletee upande wangu wa nyumba."

Ndivyo tulivyofanya. Shemeki alipanda juu ya remorki akawa anatoa miti, nami nikawa nawapangia watu. Ile minene ya chini ilibebwa na watu wawili wawili, mmoja kila upande. Nguzo mtu mmoja mmoja. Mbao nyepesi tuliziacha ndani, tukazisukuma tu nyuma. Wakasimama mstari kando ya ukuta wa udongo, mabegani wamebeba mifupa yote ya nyumba, na wakaanza kupiga soga kana kwamba wako kwenye foleni ya maji. Kijana wa chukudu alipewa mlango. Hakujua aushikeje, akaamua kuusimamisha juu ya vidole vya miguu yake, akaushikilia pande mbili.

Mzee mmoja akapita na jembe lake, akasimama mbele ya ule mlango, akabisha: "Hodi."

Watu wakaangua kicheko. Na Mama, kutoka kwenye jipi, akajibu, "Karibu, Papa. Lakini usiulize kiti, kiko chini ya muzigo." Akacheka mwenyewe. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu baba mukwe alipofariki, na kwa dakika ile nilisahau bonde.

Kupanga si kazi ya haraka. Nilitaka miti minene ilale chini kabisa, juu ya ekseli, na ncha zake zisogee mbele kidogo tu, si sana, maana ukizidisha mbele nako jipi inainamia nyuma na magurudumu ya usukani hayashiki. Shemeki akatii kila neno. Tulikuwa tumebakiza mti mmoja wa chini, ule mrefu kuliko yote, wa upande wa mlango, na walioubeba ni yule mama mnene na msichana mwenye mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia na kurusha miguu. Msichana akataka kumtuliza kwa mkono mmoja, bega lake likateleza, na nikaona ncha ya mti inashuka kuelekea matope.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa remorki. Shemeki alikuwa juu, mikono imejaa nguzo. Hakuna kati yetu aliyeweza kufika.

Mama alifika. Sijui alishukaje kwenye jipi na lile goti. Nilimwona tu yuko pale, ameinama, bega lake limeingia chini ya ule mti, kilemba kimeanguka, na mti umesimama juu yake shubiri moja kutoka chini. Mguu wake ulikuwa unatetemeka wote. Alisema, kwa meno yaliyokazwa, "Mukamwana, kuya."

Nilikimbia. Nikaweka bega langu nyuma ya lake, tukanyanyuka pamoja, yeye, mimi na yule mama mnene, mpaka shemeki akaupokea. Mama akabaki ameshika mgongo wangu kujisimamisha. Nilihisi moyo wake unapiga kupitia mkono. "Haikukanyaga," akasema. Nikamwambia haikukanyaga. Akaniuliza tena kama nina hakika, na nikaenda kuangalia ncha ya mti mwenyewe, nikaifuta kwa kidole, nikamwonyesha kidole kisafi.

Nilifunga mzigo upya, nikarudi nyuma hatua chache kuangalia. Jipi ilikuwa imekaa chini vizuri, imetulia kama mtu aliyeshiba. Nikawashukuru wale watu mmoja mmoja. Niliwapa sabuni niliyokuwa nayo garini, na mama mnene akasema sabuni anaichukua lakini siku nyingine nimwalike kwenye ile nyumba aone dirisha, maana begani mwake ulikuwa mti wa chini tu.

Kona ile tuliivuka kwa gia ya kwanza. Mikono yangu ilisubiri ule wepesi wa usukani, haukuja. Niliangalia kioo, nikaangalia tena. Remorki ilikuwa nyuma yangu inafuata njia yetu ileile, haiendi kushoto wala kulia. Mteremko mzima ulipita hivyo, na mwingine, na mwingine. Kwenye daraja la mbao nilisimama, nikashuka, nikakagua kichwa na mnyororo, nikapapasa magurudumu kujua kama yamepata moto kupita kiasi, na hakuna kilichonitisha. Ndipo mwili ulipoachilia. Nilicheka peke yangu usukanini, kicheko kirefu cha kipumbavu, machozi yanateremka. Mama alinipa kipande cha muhindi wa kuchoma alichokuwa amekificha kwenye kitenge, na hakuna muhindi ulionijia mtamu kama ule.

Shemeki alisema kutoka nyuma, "Shemeki, mimi najua nyumba."

"Na mimi?"

"Weye unajua gari. Nimesema hivyo tangu Kalembe."

Nilimwacha. Siku ile nilikuwa tayari kumsamehe hata shetani.

Tulifika Bihambwe jua lingali juu. Bwana yangu alikuwa amesimama barabarani mbele ya duka. Majirani waliniambia alikuwa pale tangu asubuhi, hakufundisha. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye remorki, akaizunguka, akapitisha mkono kwenye kila mti, akihesabu kwa midomo bila sauti. Alipomaliza mzunguko alikuja upande wa dirisha la mama yake, akasema, "Iko muzima." Mama akamwambia asimame vizuri, suruali yake imejaa matope, mwalimu gani huyo.

Miti tuliishusha moja kwa moja kwenye kiwanja kilichosawazishwa, na ni kweli, shemeki alilalamika. Mbao zilichanganyika kama alivyosema. Alama nyingine zilifutika kwa kusuguana, na kuta mbili aliziunga, akazing'oa, akaziunga tena. Kwa siku zile zote Mama alilala kwetu, kwenye chumba cha mbele, ukingoni mwa kitanda. Aliniomba ruhusa ya kutumia jiko langu. Kila alipoomba nilijikuta nakwenda dirishani kuangalia shemeki amefika wapi, na usiku bwana yangu aligeuka kitandani, ananiuliza kama nafikiri itatosha. Nilimwambia itatosha. Sikuwa na uhakika. Nyumba inaweza kufika na mbao zake zote na bado mtu asiingie ndani yake.

Jioni manjanja ya mwisho yalipopigiliwa misumari, misumari ya dukani kwangu, Mama aliingia peke yake. Akakaa humo kidogo. Moshi ukaanza kutoka. Nilimpelekea sahani ya bugali na samaki, kama nilivyokuwa nampelekea kila jioni, nikaingia nikaanza kutafuta mahali pa kuiweka. Niliona masufuria yamewekwa vibaya karibu na mlango, nikainama kuyapanga. Mama alikuwa anachochea moto, hakugeuka.

"Weka ile sufuria, mukamwana. Hapa mimi njo napanga."

Nikaiweka. Akachukua sahani yangu, akaonja samaki, akasema imepungua chumvi. Akaniuliza kama sina watoto wa kulisha. Kisha akanisindikiza, akichechemea, mpaka mlangoni, akanisukuma nje kwa kiganja mgongoni, na akaufunga ule mlango. Nilisikia komeo linaingia mahali pake.

Bwana yangu alikuwa anasubiri uani, amesimama gizani kidogo karibu na kamba ya nguo. Aliniuliza amesema nini. Nikaanza kucheka.

"Mama yako amenifukuza kwake," nikamwambia.

Alicheka. Kisha akaketi chini, palepale kwenye majani, akafunika uso kwa mikono miwili, nami nikaketi pembeni yake nikamwacha alie.